Kusikia Si Kuona

Jina la bendi ni Kuona. Kwa Kifini
maana yake taka za chuma,
lile povu linaloenguliwa tanurini
likamwagwa nyuma ya kiwanda, likapoa, likawa jiwe.
Miaka thelathini na moja wamelipiga jiwe hilo.
Raahe nzima inatembea nalo viatuni.

Desemba, jua likiwa mgeni wa saa nne,
ikatoka albamu ya kumi na mbili: Avovesi,
yaani maji yaliyoachwa na barafu.
Nyimbo za dakika tatu. Viitikio vya kuimbika.
Gitaa limeng'arishwa kama buti la gwaride,
na Urho Kallunki, aliyenguruma miaka yote
kama dubu aliyekanyagwa mkia,
Urho anaimba.

Ilpo akaja baa na santuri ingali kwenye nailoni.
"Nimeinunua nipate haki ya kuichukia,"
na akaichukia, kwa utaratibu, upande kwa upande,
kama karani anayesoma mashtaka:
ngoma zimefugwa, besi imelala mapema,
na wimbo wa tatu, jamani, unapigwa dukani,
kati ya jibini na samaki wa moshi!
"Wameuza ukali kwa bei ya redio."

"Ukali upi?" akauliza Aulikki, msusi,
aliyewakata nywele wote wanne tangu zikiwa nywele.
"Urho ana goti la plastiki. Mwache aimbe ameketi."

Venla, miaka kumi na sita, soda mkononi:
"Mimi nimeingia kwa mlango huu.
Sasa narudi nyuma, albamu kwa albamu,
nayafuata makelele nyumbani kwao."
Ilpo akamtazama
kama mtu aliyekuta mtoto kakalia kiti chake.

Rauno, fundi mitambo wa ziara zao za kwanza,
alichomoa kifaa sikioni, akakiweka kando ya bia.
"Kwangu mimi," akasema, "zote ni laini."

Nami nilikuwa upande wa Ilpo. Niliosha glasi
nikitikisa kichwa. Mtu akizoea pilipili,
uji humtukana.

Alhamisi nikamkuta nje ya duka,
baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
yumo garini, injini inawaka, vioo vimefumba kwa pumzi.
Nikagonga. Akafungua mlango, hakuzima redio.
Wimbo wa tatu.

"Huu si mpya," akasema. "Umo kwenye albamu ya kwanza.
Siku zile gitaa lilikuwa ukuta, na Urho nyuma yake.
Nimeupigia kelele mara elfu, nikidhani anasema
musta, musta. Nyeusi, nyeusi.
Nina hilo neno begani, nimelichanja."
Akapangusa kioo kwa kiganja. Hakukuwa na cha kuona nje.
"Anasema Martti."

Martti wa zamu ya usiku. Martti wa jukwaa la tanuri namba mbili.
Jeneza lake walilibeba watu sita,
na wote sita walijua
kwamba lingebebwa na mmoja.

Miaka thelathini na moja jina limeitwa
kwa sauti kubwa kuliko zote mjini,
na hakuna aliyelisikia.

Usidhani Ilpo aliongoka. Jumamosi alirudi palepale:
ngoma zimefugwa, besi imelala,
na aliyepanga ule wimbo wa saba afungwe.
Aulikki akacheka hadi akamwaga kahawa.
Venla alikuwa ameshafika albamu ya tisa
na akaiona ya ovyo, wakagombana hapo pia.

Wahenga walionya kwamba kusikia si kuona.
Labda. Ila santuri ilipofika wimbo wa tatu
Ilpo aliacha sentensi katikati, akasimama,
akashika ukingo wa meza,
na Rauno, bila kuambiwa na mtu,
akapapasa kando ya bia yake,
akakirudisha kile kifaa sikioni.